Cubs wa 1906 na Yankees wa 1927: nani angeshinda, na nani anaamua?

Mwaka 1906 timu ya Chicago Cubs ilishinda mechi 116 na kupoteza 36. Miaka 21 baadaye New York Yankees wakashinda 110 na kupoteza 44. Muulize shabiki wa besiboli anayependa historia ni timu gani ya zamani ilikuwa kiboko, na hizo mbili hazitakosa kutajwa. Tatizo ni kwamba hazikukutana na zisingeweza kukutana. Cubs walipokuwa wakitamba, Babe Ruth alikuwa mtoto wa miaka 11 anayelelewa katika shule ya mabruda wa Kikatoliki kule Baltimore. Yankees walipotamba na Ruth wao, Frank Chance, aliyekuwa mchezaji na kocha wa Cubs wale, alikuwa ameshafariki tangu 1924.

Hata hivyo watu wanazikutanisha. Wengine hutumia dadu na kadi mezani, wengine programu za kompyuta. Fainali ni ya mechi saba na wa kwanza kushinda nne ndiye bingwa. Mwishoni linatoka tangazo, tuseme Yankees wameshinda nne kwa mbili, na ubishi badala ya kuisha unaanza upya. Nataka tuifungue mashine hiyo tuone ndani kuna nini. Msimamo wangu niuseme mapema: kwenye mechi hizi za kuigizwa, uamuzi mkubwa unafanyika kabla mpira wa kwanza haujarushwa, pale mtu anapochagua namna ya kulinganisha zama mbili. Kinachobaki baada ya hapo ni bahati, tena nyingi kuliko wengi wanavyodhani.

Mchezo unaokubali kuhesabiwa

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, mambo ya kushika ni machache. Timu mbili za wachezaji tisa hupokezana kupiga na kulinda kwa mizunguko tisa. Mrushaji wa timu inayolinda anarusha mpira, na mpigaji wa timu pinzani anamsubiri na gongo lake. Akiupiga vizuri anakimbilia kituo cha kwanza, na akifanikiwa kuzunguka vituo vyote vinne timu yake inapata mkimbio mmoja. Akiupiga ukavuka uzio, hiyo ni homurani, anazunguka vituo vyote kwa raha zake. Afrika Mashariki mchezo huu haujaota mizizi sana, ingawa watoto wa Lugazi, Uganda, waliwahi kufika mashindano ya dunia ya Little League huko Pennsylvania mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale.

Linalotuhusu leo ni kwamba besiboli huenda vipande vipande. Kila zamu ya mpigaji ni pambano la watu wawili, na huishia kwenye mojawapo ya matokeo machache yanayojulikana: ametolewa, amepata kituo kimoja, viwili au vitatu, amepiga homurani, au mrushaji amekosea mara nne na mpigaji akapewa kituo cha kwanza bure. Kisha anaingia anayefuata. Wamarekani wamekuwa wakiandika matokeo haya kwenye magazeti na madaftari tangu karne ya 19. Kwa hiyo tunajua kwamba mwaka 1927 Ruth alisimama mbele ya warushaji mara 691, akapiga homurani 60 na kupewa kituo bure mara 137.

Jaribu kufanya hivyo kwa mpira wa miguu. Pasi iliyozaa bao ilianza wapi? Beki aliyemfunga mshambuliaji njia bila kugusa mpira umwandikie nini? Besiboli haina utata mwingi wa aina hiyo, ndiyo maana watu walianza kuigiza mechi zake hata kabla ya kompyuta kuingia majumbani. J. Richard Seitz wa Lancaster, Pennsylvania, alianza kuuza mchezo wake wa APBA mwaka 1951. Hal Richman wa New York akaleta Strat-O-Matic mwaka 1961. Miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1960 John Burgeson aliandika programu ya besiboli kwenye kompyuta ya IBM 1620, mashine ya kazi za kisayansi na kihandisi. Mwaka 1981 wachezaji walipogoma na mechi ya nyota wa ligi zote kusimama, dadu za Strat-O-Matic zilitupwa katika uwanja mtupu wa Cleveland ili mechi "ichezwe" hivyo hivyo. Siku hizi moja ya programu zinazosifiwa zaidi, Out of the Park Baseball, asili yake ni Mjerumani, Markus Heinsohn. Nchi yenye wazimu wa soka, lakini ndiko ilikotoka.

Ruth kwenye kipande cha karatasi

Tuitazame kadi moja kwa karibu, maana fundi wa mchezo huu anajulikana hapo. Katika mfumo wa Strat-O-Matic kila mpigaji ana kadi yenye safu tatu, na kila mrushaji naye ana safu zake tatu. Unatupa dadu tatu. Ya kwanza inachagua safu: ikitoka 1, 2 au 3 unasoma kadi ya mpigaji, ikitoka 4, 5 au 6 unasoma ya mrushaji. Dadu mbili zilizobaki unazijumlisha, kisha unatafuta jumla hiyo ndani ya safu.

Dadu tatu zina namna 216 za kuanguka, nusu yake zikielekea kwa mpigaji. Homurani 60 katika zamu 691 ni karibu 8.7 kwa kila zamu 100. Kwenye 216, hiyo ni kama namna 19. Warushaji wa ligi yake mwaka ule walikuwa hawafungwi homurani hovyo: timu zote nane za American League, moja ya ligi kuu mbili za Marekani, zilipiga 439 tu kwa pamoja, yaani haikufika hata moja kwa kila zamu 100. Kadi ya mrushaji wa kawaida itabeba namna moja. Kumi na nane zilizobaki ni lazima zikae kwenye kadi ya Ruth mwenyewe.

Jumla ya 7 kwenye dadu mbili hutokea mara 6 kati ya 36, kuliko jumla nyingine yoyote. Andika "homurani" mbele ya 7 katika kila safu ya Ruth, umepata mara 6 katika safu tatu, yaani 18 kamili. Mpigaji wa kawaida wa mwaka huo unamwekea homurani mbele ya 12 katika safu moja tu, na basi. Tofauti yote kati ya Babe Ruth na mchezaji mwenzake imekaa hapo, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuisoma.

Sasa mlete Mordecai Brown. Huyu ndiye mrushaji mkuu wa Cubs wa 1906, aliyeitwa "Vidole Vitatu" kwa sababu utotoni mkono wake wa kulia ulinaswa na mashine ya kukatia malisho ya mifugo shambani Indiana. Mkono ule ulioharibika ulimfanya aurushe mpira ukapinda na kushuka kwa namna iliyowatatiza wapigaji. Msimu wa 1906 aliruhusu wastani wa mikimbio 1.04 kwa kila mizunguko tisa, bila kuhesabu iliyotokana na makosa ya wenzake. Namba hiyo si ya kawaida katika zama zozote.

Brown na Ruth wakikutana kwenye mfumo wa dadu tatu, kadi ya Brown haitakuwa na homurani hata moja, kwa kuwa enzi zake homurani zilikuwa adimu. Cubs wote kwa pamoja walipiga 20 msimu mzima. Kwa hiyo Ruth anapoteza namna moja kati ya 19. Karibu hakuna kilichobadilika! Lakini kuna njia nyingine, inayopendwa na waandishi wa programu: chukua kiwango cha mpigaji, zidisha kwa kiwango cha mrushaji, gawanya kwa wastani wa ligi. Ukiuweka uchache wa homurani za Brown mbele ya wastani wa ligi ya 1927, anaonekana mchawi, na Ruth anazimwa kama mshumaa. Watu ni walewale na takwimu ni zilezile, lakini njia mbili za hesabu zimetoa Ruth wawili tofauti kabla hatujatupa dadu yoyote.

Bei ya zamani na bei ya leo

Kiini cha ugumu ni hiki. Takwimu ya besiboli ni kama bei. Mzee akikwambia alinunua shati kwa shilingi 20 mwaka 1972, huwezi kusema lilikuwa rahisi au ghali mpaka ujue mshahara wa siku zile ulikuwa kiasi gani. Wastani wa mpigaji nao hauna maana mpaka ujue wengine wa mwaka huo walipiga kiasi gani.

Mfano mzuri kuliko yote ninayoijua ni wa Bill Terry na Carl Yastrzemski. Terry aliongoza National League, ile ligi kuu nyingine, mwaka 1930 kwa wastani wa 0.401, yaani alipata pigo safi mara nne katika kila kumi. Yastrzemski aliongoza American League mwaka 1968 kwa 0.301. Tofauti ni pointi mia nzima, na kwa macho ya haraka hawa si wa daraja moja. Lakini mwaka 1930 National League nzima ilipiga 0.303. Mchezaji wa kawaida tu wa ligi ya Terry alikuwa juu ya bingwa wa 1968! Mwaka wa Yastrzemski ligi yake ilipiga 0.230, kwa sababu warushaji walikuwa wametawala kupita kiasi: Bob Gibson wa National League aliruhusu wastani wa mikimbio 1.12 tu, na baada ya msimu huo wakuu wa mchezo wakakishusha kilima cha mrushaji kutoka inchi 15 hadi 10. Gawanya sasa. Terry alikuwa juu ya ligi yake kwa asilimia 32, Yastrzemski kwa asilimia 31. Wamelingana.

Programu yoyote ya maana hufanya hesabu hii kwanza. Ndiyo inayompunguzia Brown uchawi kidogo: ligi yake ilikuwa na wastani wa mikimbio kama 2.6 kwa mizunguko tisa, hivyo yeye aliruhusu asilimia 40 ya kawaida. Wilcy Moore wa Yankees aliruhusu 2.28 katika ligi ya 1927 iliyokuwa ikizidi 4, yaani kama asilimia 55. Brown bado ni bora, ila pengo si lile la 1.04 kwa 2.28.

Lakini mikimbio ilikuwa michache kwa nini mwaka 1906? Hapo hesabu ya kugawanya haitoshi, inabidi uujue mchezo wenyewe. Mpira mmoja ulitumika muda mrefu mpaka ukawa mweusi na laini, na warushaji waliruhusiwa kuupaka mate. Kuanzia miaka ya 1910 na 1911 ukaingia mpira wenye kiini cha koki, unaoruka zaidi. Agosti 1920 Ray Chapman wa Cleveland alipigwa kichwani na mpira uliorushwa na Carl Mays, akafariki, na tangu hapo waamuzi wakawa wepesi kubadili mpira uliochafuka. Mwaka huohuo urushaji wa mpira uliopakwa mate ukapigwa marufuku, wakiachiwa warushaji wachache tu waliokuwa wameuzoea. Glavu za 1906 zilikuwa ndogo na viwanja vina mabonde, kwa hiyo makosa ya walinzi yalikuwa mengi, na timu kama Cubs iliishi kwa kukimbia: Frank Chance peke yake aliiba vituo 57 msimu ule, yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mwenzake aupige mpira.

Kwa hiyo fainali yetu ichezwe kwa mpira wa mwaka gani? Swali hili linaamua zaidi ya jina la mrushaji atakayeanza. Ukichagua mpira wa 1906, Yankees wanapoteza silaha yao kuu. Ukichagua wa 1927, Cubs wanakutana na mchezo ambao hawakuufanyia mazoezi. Wengi hugawa nusu kwa nusu: mechi za Chicago kwa masharti ya 1906, za New York kwa masharti ya 1927. Ni suluhisho la kiungwana, lakini ni la kiungwana tu, halijathibitisha lolote.

Kuna watu waliovuka kutoka zama moja hadi nyingine, na hao ndio ushahidi wetu bora. Ruth mwenyewe ni mmojawapo. Mwaka 1919, kwa mpira wa zamani, alipiga homurani 29, rekodi ya wakati huo. Mwaka 1920 akapiga 54. Ungesema mpira safi ndio uliompandisha, ila mwaka huohuo alihama Boston na kwenda New York, kwenye uwanja mwingine kabisa, na kazi ya kurusha aliyokuwa akiichanganya na kupiga ikawa karibu imekwisha. Kipi kilifanya nini? Na wale wanaosema mwaka 1927 alibebwa na uzio wa karibu wa upande wa kulia pale Yankee Stadium wana jibu lao tayari: kati ya zile 60, nyumbani alipiga 28 na ugenini 32.

Mpigaji Ty Cobb naye alianza 1905, na mwaka 1927, akiwa na miaka 40, bado alipiga 0.357. Mwingine ni mrushaji Walter Johnson, aliyeanza kurushia Washington mwaka 1907, enzi za mpira mweusi. Mchezo wake wa mwisho ulikuwa tarehe 30 Septemba 1927, dhidi ya Yankees, siku ambayo Ruth alipiga homurani ya 60. Johnson aliingizwa kupiga mwishoni mwa mechi, akaupiga mpira juu, na aliyeudaka alikuwa Ruth.

Wachambuzi hutumia watu kama hao kama daraja. Unaangalia kila aliyecheza miaka miwili mfululizo alivyobadilika, unaunganisha mwaka na mwaka mpaka 1906 ifike 1927. Udhaifu wake ni uzee. Cobb wa 40 si Cobb wa 20, na ukikosea kidogo tu kukadiria umri unavyomchosha mchezaji, kosa hilo linajilimbikiza kila mwaka. Baada ya miaka 21 kosa dogo limekuwa timu nzima.

Tena, kumlinganisha mtu na ligi yake hakukwambii kama ligi yenyewe ilikuwa imara. Stephen Jay Gould, mwanasayansi wa mageuzi ya viumbe na shabiki wa Yankees, alikuwa na hoja nzuri hapa. Alisema kutoweka kwa wapigaji wa 0.400 hakumaanishi wapigaji wameshuka. Mchezo unapokomaa, wachezaji dhaifu huondoka, pengo kati ya bora na wa kawaida hupungua, na hakuna tena wa kuwatesa wenzake kiasi hicho. Wa mwisho kufika 0.400 katika ligi hizo kuu mbili alikuwa Ted Williams, 0.406 mwaka 1941. Ukimkubali Gould, ushindi 116 katika ligi changa ya 1906 unapungua uzito. Lakini basi hoja hiyohiyo inamgusa na Ruth, kwa sababu mtu mmoja kupiga homurani 60 kati ya 439 za ligi nzima, na timu nzima ya Philadelphia Athletics kuishia na 56, kunaweza kuwa dalili ya ligi ambayo bado haijajua mchezo mpya unachezwaje. Mimi naegemea huko, ingawa najua mashabiki wa Yankees hawatanielewa.

Yapo na mengine, ambayo nayapitia haraka: nani anaamua kumtoa mrushaji aliyechoka, wakati mwaka 1906 walizoea kumaliza mechi wenyewe, hewa, safari za treni, majeruhi. Programu nyingi huweka kocha wa kompyuta anayefuata kanuni. Si mjinga, ila si Frank Chance.

Mechi saba hazitoshi

Tuseme tumekubaliana kuhusu yote hayo. Chukua kanuni rahisi kutoka kwa Bill James, mtakwimu aliyebadilisha namna Wamarekani wanavyouelewa mchezo huu. Cubs walishinda mechi 3.22 kwa kila moja waliyopoteza. Yankees, 2.5. Jumla ni 5.72, na fungu la Cubs ni asilimia 56. Hiyo ndiyo nafasi yao katika mechi moja, ikiwa ligi zao zililingana nguvu. Peleka kwenye fainali ya mechi saba, inapanda hadi asilimia 64 tu. Yaani timu unayoamini ni dhaifu inabeba kombe mara 36 katika kila fainali 100. Ili tofauti ya namna hiyo ionekane wazi bila kufichwa na bahati, ungehitaji mechi zaidi ya 200.

Hata 4–0 haisemi mengi. Timu mbili zilizolingana kabisa zitamaliza kwa nne bila mara moja katika kila fainali nane. Kwa hiyo mtu akikwambia programu yake imewacheza Cubs na Yankees na Cubs wamefagiliwa, umejifunza kuhusu Yankees kiasi ambacho ungejifunza kwa kurusha sarafu.

Historia yenyewe imeshatoa mfano mkali kuliko kompyuta. Wale Cubs wa 116 walikutana kwenye fainali ya 1906 na majirani zao wa mji mmoja, Chicago White Sox, timu iliyopiga 0.230 msimu mzima, ya mwisho katika ligi yake, hadi ikaitwa kwa kejeli timu isiyojua kupiga. White Sox walikuwa na ushindi 93 na vipigo 58. Kanuni ileile inawapa nafasi ya asilimia 17 kubeba kombe, karibu sawa na kutupa dadu moja ukapata sita. Walibeba, nne kwa mbili.

Kwa sababu hiyo ni lazima kutenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kuendesha fainali moja ni kusimulia hadithi: kuna mechi ya tano ya mizunguko ya nyongeza, kuna mrushaji wa akiba aliyeokoa jahazi. Kuendesha fainali elfu kumi ni kupima, na matokeo yake hayana hadithi, ni asilimia tu. Ya kwanza inafurahisha na ya pili inafundisha. Wanaotangaza matokeo hutumia ya kwanza kwa sauti ya ya pili, nami hilo ndilo linalonikera katika mambo haya yote.

Ndondi zilikwishapitia njia hiyo. Mwaka 1967 mtayarishaji wa redio Murray Woroner aliandaa mashindano ya mabingwa wa uzito wa juu wa zama zote kwa kompyuta ya NCR 315, yakatangazwa redioni kama mapambano ya kweli. Muhammad Ali akatolewa na Jim Jeffries, bingwa wa mwanzoni mwa karne. Ali hakucheka. Alifungua kesi akidai dola milioni moja kwa kuvunjiwa heshima, na mwishowe wakapatana, naye akakubali kuigiza mbele ya kamera pambano na Rocky Marciano. Lilipoonyeshwa Januari 1970, Marciano alishinda kwa kumwangusha katika raundi ya 13, akiwa mwenyewe ameshafariki kwa ajali ya ndege miezi mitano kabla. Kompyuta ile haikuwa na zamu 691 za kuhesabu. Ililishwa maoni ya wajuzi wa ndondi kuhusu kasi ya huyu na uvumilivu wa yule, ikarudisha maoni hayohayo yakiwa yamevaa koti la mashine. Besiboli ina bahati ya kuwa na hesabu za kweli chini yake, lakini pale panapohitajika kuamua mpira wa mwaka gani utumike, tumerudi kwenye maoni.

Wasiokuwepo

Cubs wa 1906 na Yankees wa 1927 wanafanana kwa jambo moja: hakuna mchezaji mweusi hata mmoja, wala kati ya wapinzani wao. Ubaguzi huo ulidumu mpaka Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Wakati huo Wamarekani weusi walikuwa na ligi zao, ya kwanza kudumu ikiwa Negro National League iliyoasisiwa na Rube Foster mwaka 1920. Desemba 2020 Major League Baseball ilizitambua ligi saba za miaka ya 1920 hadi 1948 kuwa ligi kuu, na mwaka 2024 takwimu zake zikaingizwa rasmi. Mara moja Josh Gibson, mpigaji wa ligi hizo za weusi, akawa juu ya Ty Cobb kwa wastani wa maisha, 0.372 kwa 0.367, na rekodi ya msimu mmoja ikawa 0.466 yake ya mwaka 1943, akiwa na Homestead Grays, timu iliyotwaa ubingwa wa ligi hizo mwaka huo.

Anayetaka kuwaingiza Grays wale kwenye mashindano ya timu za kale anakutana na matatizo yote tuliyoyataja, na moja la ziada. Msimu wa ligi ulikuwa mfupi, mechi zisizofika 80, kwa sababu timu ziliishi kwa kuzunguka miji na vijiji zikicheza mechi za maonyesho ambazo hazimo kwenye hesabu. Mpigaji mwenye zamu 250 anaweza kupandishwa au kushushwa na bahati tupu kwa pointi kama 30 za wastani. Kwa zamu 540 ni kama 20. Msimu mfupi huzaa namba kubwa na namba ndogo kwa wingi, kwa hiyo mwandishi wa programu mwangalifu huivuta 0.466 kuelekea wastani wa Gibson wa miaka mingine kabla ya kumtengenezea kadi. Hilo si kumdharau. Angefanya vivyo hivyo kwa yeyote aliyepiga 0.466 kufikia katikati ya msimu.

Ugumu wa kweli ni thamani ya ligi yenyewe. Daraja la wachezaji waliovuka lipo, lakini lilijengwa baada ya 1947, na wengi walivuka wakiwa wameshapita umri wao bora: mrushaji Satchel Paige aliingia ligi kuu mwaka 1948 akiwa na miaka 42. Gibson hakuvuka kabisa. Alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Robinson. Zimebaki mechi za maonyesho kati ya weusi na weupe, kama zile ambazo Paige na mrushaji mweupe Dizzy Dean walipambana mwaka 1934, na hizo mpaka leo wachambuzi wanazikusanya moja moja kutoka kwenye magazeti ya miji midogo, maana kila moja inayopatikana inasogeza kadi ya Gibson kidogo, juu au chini.